SIMU IMEVUNJIKA: TUITENGENEZE AU TUPOKEE NYINGINE?



Jumatano moja mwishoni mwa Septemba tulifika kwenye darasa letu la kisomo, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Tandahimba, Mkoa wa Mtwara. Darasa hilo hukutana saa kumi alasiri, chini ya mkorosho ulio nyuma ya ofisi ya kijiji. Tulikuwa tumeandaa somo la kusoma risiti za ghala, kwa kuwa minada ya korosho ilikuwa inakaribia.

Somo hilo halikufundishwa siku ile. Tulikuta wanakisomo wamesimama, wamemzunguka mama mmoja. Mama huyo ni mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, na wenzake humwita Mama Hazina. Mkononi alishika simu yake ya kupangusa. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona. Simu ilikuwa bado inaita, maana mlio ulisikika, lakini kioo kilikuwa cheusi ti. Huoni nani anapiga, wala huwezi kupokea.

"Mwalimu, nimeikalia jana kwenye bodaboda, nikitoka kukusanya hisa," alisema.

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Kwenye laini ile kulikuwa na fedha za kikundi, shilingi 1,140,000. Wanachama ni 19, kila mmoja ana 60,000 zake mle. Tena kulikuwa na jambo la pili ambalo wengi hawakulijua. Daftari la kikundi lilinyeshewa mvua mwezi wa Aprili, na kurasa nne za mikopo hazisomeki tena. Kabla ya mvua ile Mama Hazina alikuwa amezipiga picha kwa simu. Basi habari ya nani amekopa kiasi gani ilibaki ndani ya simu hiyo tu.

Ushauri ulikuwa umeshatolewa mwingi. Muuzaji mmoja wa simu mjini alimwambia, "Lete hiyo mbovu, ongeza shilingi 90,000, nikupe nyingine inayowaka." Fundi wa pale stendi alisema kioo kipya pamoja na kazi ni shilingi 70,000. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam naye alisema, "Mama, achana nao wote. Nitakuja Desemba na simu mpya."

Darasa likagawanyika.

"Kitu kikishafunguliwa na fundi si kizima tena," alisema kijana mmoja.

"Basi na baiskeli yako kaitupe," akajibu bibi mmoja wa safu ya mbele, "maana imefunguliwa mara ngapi?"

Tuliweka kando risiti za ghala. Yaliyosemwa siku ile, na yaliyotokea Jumamosi iliyofuata, ndiyo somo letu la leo.

FEDHA HAZIKO NDANI YA SIMU

Swali letu la kwanza lilikuwa hili: Fedha za kikundi ziko wapi sasa hivi?

"Humu," alisema Mama Hazina, akaonyesha simu.

Hapana. Na hapa ndipo watu wengi hukosea, wakaamua kwa hofu. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania ikaingia mwaka 2008. Tangu mwanzo fedha hizo hukaa kwenye hesabu za kampuni, chini ya namba yako. Simu ni kama dirisha la karani wa benki. Dirisha likivunjika kioo, fedha hazimwagiki.

Kinachofungua hesabu yako ni laini pamoja na namba ya siri. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine. Mzee mmoja alitoa kitochi chake. Laini ya simu ya kupangusa ni ndogo, na kitochi kinataka kubwa. Bahati nzuri Mama Hazina alikuwa ametunza ile fremu ya plastiki inayokuja na laini, ambayo wengi wetu huitupa siku ya kwanza. Tukaipachika. Yeye mwenyewe akapiga menyu, akaingiza namba ya siri huku amewapa watu mgongo. Salio likaja: 1,140,000. Darasa zima likapumua.

Hata laini ingepotea, fedha zisingepotea. Laini hurudishwa kwa wakala kwa namba ya kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Lakini ni mwenye jina tu anayerudishiwa. Mnakumbuka kwamba kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Siku zile baadhi yetu tuliazima vidole vya ndugu na jirani. Tuliuliza darasani: Nani anatumia laini yenye jina la mtu mwingine? Mikono mitatu ilinyooka, na tunadhani mingine ilijificha. Piga *106# uangalie ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama yako haimo, karekebishe kabla simu haijavunjika, siyo baada.

Sasa mambo yasiyo kwenye laini. Majina ya watu mengine huandikwa kwenye laini, mengine kwenye simu. Kwenye kitochi tuliona majina machache tu. Yaliyobaki yalikuwa ndani ya simu iliyovunjika. Picha nazo zaweza kukaa kwenye memori kadi au ndani ya simu yenyewe. Tulitoa memori kadi tukaiweka kwenye simu ya kijana mmoja. Tuliona picha za harusi, picha za mbuzi na picha nyingi za wajukuu. Kurasa za daftari hazikuwemo.

Kwa hiyo fedha zilikuwa salama, lakini daftari halikuwa salama. Toka hapo shauri likawa jepesi zaidi. Tulikuwa hatuulizi tena "simu gani nzuri?" Tuliuliza, "Tutazipataje kurasa nne?"

NI NINI HASA KILICHOVUNJIKA?

Neno "simu imekufa" halitoshi. Simu ina sehemu zake, kama baiskeli. Tairi likipasuka husemi baiskeli imekufa.

Kuna kioo, ambacho kwa kweli ni viwili vilivyogandishwa pamoja. Cha juu ni kile unachokipangusa, cha chini ndicho kinachotoa picha. Ukiona ufa lakini picha bado ipo, kimeumia cha juu. Ukiona giza, au wino mweusi unaosambaa, kimeumia cha chini. Kwa simu nyingi za bei ndogo fundi hubadilisha vyote viwili kwa pamoja.

Kuna betri. Hiyo huchoka yenyewe kwa kuchajiwa, hata kama hujaiangusha simu. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, haitunzi tena chaji kama zamani. Kubadilisha betri ni kazi ndogo na mara nyingi ni ya bei nafuu kuliko zote. Ila betri ikivimba hadi mgongo wa simu unainuka, usiitoboe, usiikandamize, usiichaji. Ina dawa zinazoweza kuwaka moto. Izime simu, iweke mbali na watoto, umpelekee fundi.

Kuna tundu la chaji. Hilo huharibika, lakini mara nyingine limeziba tu kwa vumbi na nyuzi za mfukoni. Izime simu, kisha ulisafishe taratibu kwa kijiti cha meno kikavu. Tumeona watu wakibadilishana simu kwa ajili ya vumbi.

Na kuna bodi. Hiyo ndiyo ubongo, ndiyo moyo, ndiyo ghala la picha na majina. Bodi ikifa, hapo ndipo tunaweza kusema simu imekufa.

Simu ya Mama Hazina ilikuwa inaita. Tuliichomeka kwenye chaji, ikatetemeka. Tuliipigia, mlio ukatoka. Maana yake bodi ni nzima, betri ni nzima, spika ni nzima. Kilichokufa ni kioo peke yake.

KWA NINI MUUZAJI ANAITAKA SIMU MBOVU?

Swali hili liliulizwa na yule bibi wa safu ya mbele, siyo na sisi. Alisema, "Mwalimu, huyu muuzaji anampa simu nzima na kuchukua iliyokufa. Ana huruma gani huyo?"

Darasa likanyamaza. Kisha watu wakaanza kuona.

Muuzaji anajua kwamba simu ile imevunjika kioo tu. Yeye hununua vioo kwa bei ya jumla. Akiweka kioo kipya anapata simu nzima ya kuuza. Hilo si kosa, ndiyo biashara. Lakini Mama Hazina naye ajue kwamba hapewi zawadi. Anauza simu yake kwa bei ambayo hajatajiwa, na ananunua nyingine kwa wakati mmoja. Mtu anapobadilishana mbuzi na mwenzake hukagua wote wawili, anayetoka na anayeingia.

Tena kuna jambo lililo zito zaidi. Kabla ya kumpa mtu simu yako ya zamani unatakiwa kufuta kila kitu kilichomo. Kwenye mipangilio ya simu kuna sehemu ya kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Lakini utafutaje simu ambayo kioo chake ni cheusi? Huwezi kuona, huwezi kupangusa. Mama Hazina angeikabidhi simu na kila kilichomo: picha za daftari, majina ya wanachama na mikopo yao, ujumbe wa benki. Yeye angezikosa kurasa zake nne, na mtu mwingine angezipata siku anapoweka kioo kipya.

Kwa hiyo tunasema, simu ambayo hujaweza kuifuta usiibadilishe. Kama ni lazima uachane nayo, baki nayo nyumbani kabatini. Usiichome moto wala kuitupa shimo la taka.

TUPIGE HESABU

Tuliandika ubaoni. Bei hizi ni za siku ile na mahali pale, kwako zinaweza kuwa nyingine.

Kutengeneza: kioo na kazi 70,000, nauli ya kwenda na kurudi mjini 10,000. Jumla 80,000.

Kubadilishana: nyongeza 90,000, nauli 10,000. Jumla 100,000.

Simu mpya ya mwanawe: 252,000. Analipa kijana, lakini fedha ni fedha. Na inakuja Desemba.

Kisha tukagawa kwa miezi. Tulisema simu iliyotengenezwa itafanya kazi miezi 16 mingine. 80,000 kugawa kwa 16 ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Simu mpya tukaipa miezi 36. 252,000 kugawa kwa 36 ni 7,000 kwa mwezi.

Mzee mwenye kitochi akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo miezi umeitoa wapi? Umeota?"

Alikuwa na haki. Miezi ile tuliikisia. Hakuna ajuaye simu itaishi hadi lini, kama vile hakuna ajuaye ng'ombe atakamwa miaka mingapi. Lakini kukisia kwa kuandika ni bora kuliko kukisia kichwani, maana kilichoandikwa mwenzako anaweza kukibishia. Tukamwambia mzee: Haya, na hiyo ya kubadilishana tuipe miezi ileile 16, ingawa hatujui imetumika muda gani. 100,000 kugawa kwa 16 ni 6,250. Bado ni ghali kuliko kutengeneza.

Mzee akakubali, lakini kwa shingo upande.

Sisi tuna kipimo kingine tunachokitumia. Si sheria, ni mazoea yetu tu. Gharama ya kutengeneza ikiwa chini ya nusu ya bei ya simu mpya ya aina ileile, na bodi ni nzima, tunatengeneza. Ikipita nusu, tunasimama na kufikiri upya. Elfu 80 haifiki hata theluthi ya 252,000.

Kuhusu Desemba, Mama Hazina alisema mwenyewe: "Minada ni Oktoba. Benki itatuma ujumbe, wanachama watarudisha mikopo, mimi nina simu nyeusi. Desemba nitafanya nini na simu mpya, nipige picha za Krismasi?" Kisha akaongeza taratibu kwamba simu mpya haiji na kurasa nne.

JUMAMOSI MJINI

Jumamosi tulifuatana naye. Tulitaka kwanza kuiona simu ya kubadilishana, kwa sababu si vizuri kukataa kitu ambacho hujakitazama.

Ilikuwa inang'aa. Mgongo wake wa buluu haukuwa na mkwaruzo. Vijana wangeipenda. Tukamwomba muuzaji ruhusa, tukapiga *#06#. Ukipiga hivyo, simu yoyote ya mkononi huonyesha namba yake ya utambulisho, yaani IMEI. Ina tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Tuliiandika kwenye karatasi, tukaituma kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu likaja likitaja aina ya simu. Aina hiyo haikuwa ile iliyoandikwa mgongoni mwa simu tuliyoishika.

Hatukugombana na mtu. Tulimwonyesha muuzaji ule ujumbe, tukamrudishia simu yake, tukaaga. Lakini ninyi mkumbuke kwamba tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini. Watu walilala na simu, wakaamka na vipande vya plastiki. Waliokuwa na risiti walikuwa na pa kuanzia. Wengi hawakuwa nayo.

Kama IMEI ingelingana, tungeendelea kukagua mengine. Je, ndani ya simu kuna akaunti ya mtu wa zamani? Kama ipo, siku ukiifuta itakudai neno la siri la mtu usiyemjua, na haitafunguka. Je, ilinunuliwa kwa mkopo na deni halijaisha? Simu za mkopo hujifunga zenyewe mwenye deni asipolipa, hata kama iko mkononi mwako na deni si lako. Je, ni ya kizamani sana? Tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu zenye Android ya 4. Namba hiyo unaiona kwenye mipangilio, penye maelezo ya simu. Je, ghala lake lina ukubwa gani? Simu yako ikiwa na GB 32 ukapewa ya GB 16, umepewa ghala la nusu hata kama mlango umepakwa rangi.

Na kubwa zaidi: Je, ni ya wizi? Polisi wakiifuata simu ya wizi, wataikuta kwako wewe, siyo kwa aliyekuuzia. Duka lenye haki litakupa risiti yenye jina lake, tarehe na IMEI. Ukibadilishana na mtu binafsi, andikeni hati, mweke IMEI zote mbili, mshuhudiwe na mwenyekiti wa kitongoji. Mmejifunza kuandika kwa ajili ya siku kama hizo.

KWA FUNDI

Tukaenda stendi. Mezani kwa fundi tulipatana kwanza. Alikuwa na vioo vya aina mbili. Kimoja ni kopi, kwa 55,000. Kingine alisema ni orijino, kwa 70,000. Alivibandika vyote viwili kwenye simu bila kuvigandisha, tukaona tofauti. Kile cha kopi kilikuwa na mwanga hafifu, na juani hakikusomeka. Mama Hazina anafanya kazi zake juani. Akachagua cha 70,000. Tukaandika kwenye karatasi: kioo, bei, tarehe, na kwamba kikigoma ndani ya siku saba bila kuanguka, fundi atakirudia. Fundi alisita kidogo, kisha akasaini.

Laini na memori kadi tulivitoa kabla ya kumpa simu. Tulikaa pale pale kwenye benchi mpaka mwisho. Siyo kwamba fundi ni mwizi. Lakini simu ni mkoba wa mtu, na mkoba hauachwi stendi. Alipotaka simu ifunguliwe ili aijaribu, Mama Hazina aliandika neno la siri mwenyewe. Namba ya siri ya fedha haihusiki kabisa na matengenezo. Fundi yeyote anayeiuliza, chukua simu yako uondoke.

Kazi ilichukua kama saa moja na nusu. Kabla ya kulipa tulijaribu kupangusa kila kona, kupiga, kupokea, kupiga picha, kuchaji. Tulidai pia kioo cha zamani. Si kwamba kina thamani, bali ni ushahidi kwamba kimebadilishwa kweli.

Kisha Mama Hazina akafungua picha. Akapangusa, akapita harusi, akapita mbuzi, akapita wajukuu. Kurasa nne zilikuwepo. Alizisoma pale pale kwa sauti, jina moja baada ya jingine, mpaka watu wa stendi wakageuka. Tukanunua daftari jipya la shilingi 1,000, na kwenye gari la kurudi alianza kunakili kwa kalamu. Barabara ni mbaya, kwa hiyo mwandiko wa ukurasa wa kwanza umepinda. Lakini unasomeka.

SIYO KILA SIMU HUTENGENEZWA

Tusije tukasema uongo. Sisi wenyewe tuliwahi kukosea upande wa pili.

Mwaka uliotangulia simu yetu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Tulifanya kama wanavyofanya wengi, tukaizika kwenye mchele siku mbili. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya simu, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Hata kampuni ya Apple mwaka 2024 iliwaambia wateja wake waache kufanya hivyo. Inatakiwa kuizima simu mara moja, kuifuta, kutoa laini, kuiacha penye hewa, na kutoichaji mpaka ikauke. Sisi tuliichaji siku ya tatu. Bodi ikaliwa na kutu.

Fundi wa kwanza aliiosha kwa spiriti, tukalipa 25,000, ikafanya kazi wiki tatu. Wa pili alibadilisha betri na tundu la chaji, 40,000, ikafanya kazi mwezi. Wa tatu alichukua 50,000, na simu haikuwaka tena. Jumla 115,000, kwa simu ambayo siku ile mpya yake ilikuwa 160,000. Kila tulipolipa tulijiambia, "Tumeshatoa nyingi, tusiache sasa." Hesabu haifanywi hivyo. Fedha iliyokwisha kutoka haihesabiwi. Inayohesabiwa ni ile utakayotoa leo, na miezi utakayoipata kwa ajili yake. Bodi ikiingia maji na fundi wa kwanza akashindwa, tunawashauri mwachane nayo.

Tena iko simu ya badala ambayo hupaswi kuikataa. Ni ile ya waranti. Dada mmoja wa darasa alinunua simu dukani, na mwezi wa tatu ikakataa kuchaji, haijaanguka wala kulowa. Huyo asiende stendi. Fundi wa nje akiifungua, duka litasema waranti imevunjika. Arudi dukani na risiti na boksi. Duka likimpa nyingine, iwe ya aina ileile au bora zaidi, asiongeze hata senti, na IMEI mpya iandikwe kwenye risiti na kwenye karatasi ya waranti. Ile ya zamani aifute kwanza, kama kioo kinaona. Duka likigoma, Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayolinda walaji, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko. Bila risiti safari hiyo ni ngumu sana.

Simu ya Mama Hazina ilikuwa na miezi 14. Waranti yake ilikuwa ya miezi 12. Ndiyo maana tulikwenda stendi.

BADO KUNA UBISHI

Jumatano iliyofuata Mama Hazina aliweka mezani karatasi ya fundi, 70,000, na nauli, 10,000. Alisema simu ni yake, lakini alivunja akiwa kwenye kazi ya kikundi, na kurasa zilizookolewa ni za kikundi. Wengine walisema kikundi kilipe zote. Mzee mwenye kitochi alisema kikundi kilipe nusu, maana wajukuu nao wamo kwenye simu hiyo. Kijana wa baiskeli alisema mwenye simu ndiye mwenye makalio, alipe mwenyewe. Bibi wa safu ya mbele alimkemea kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa.

Hawajaamua hadi tunapoandika.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Simu yako ikizimika leo, ni namba ngapi za watu unaozikumbuka kichwani? Ziandike kwenye daftari sasa, pamoja na IMEI ya simu yako.

2. Simu ya jirani ilinunuliwa 180,000. Fundi anataka 45,000 kwa betri na tundu la chaji, na anakisia miezi 9. Muuzaji anataka simu hiyo pamoja na 60,000, na kumpa nyingine iliyotumika. Ni shilingi ngapi kwa mwezi kwa kila njia, mkiipa simu ya pili miezi 10? Je, kabla ya kuchagua mtamuuliza muuzaji nini?

3. Fedha za kikundi ziko kwenye laini ya mtu mmoja. Je, mtu huyo akisafiri au akiugua, nani atazifikia? Ulizeni kwa wakala kuhusu huduma za vikundi zinazohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja.

4. Kama ninyi mngekuwa wanachama 19 wa kikundi kile, mngelipa kiasi gani kati ya zile 80,000? Kila mwanachama angetoa shilingi ngapi?